Umbali na muda wa safari ya ndege kati ya Mbeya na Iringa

Umbali wa anga kati ya Mbeya na Iringa ni takriban kilomita 306, ukipimwa kwa mstari mnyoofu kutoka Uwanja wa Ndege wa Songwe, unaohudumia jiji la Mbeya, hadi Uwanja wa Ndege wa Iringa ulioko Nduli. Umbali huo ni sawa na maili 190, au maili za baharini 165 ambazo ndizo kipimo cha marubani. Ndege ndogo ya pangaboi yenye injini moja huumaliza kwa saa 1 na dakika 10 hivi, na ndege kubwa zaidi za pangaboi kwa dakika 45 hadi 55.

Viwanja vyote viwili viko katika Nyanda za Juu za Kusini nchini Tanzania. Hata hivyo, safari nyingi za ratiba katika viwanja hivi huelekea Dar es Salaam, si kutoka kimoja kwenda kingine. Kwa sababu hiyo, umbali unaoonekana kwenye ramani na muda ambao msafiri anautumia hasa ni mambo mawili tofauti. Makala hii inaeleza jinsi umbali unavyokokotolewa, kwa nini takwimu zake hutofautiana, na namna ya kukadiria muda wa safari nzima.

Viwanja viwili

Uwanja wa Ndege wa Songwe (IATA: MBI, ICAO: HTGW) uko takriban kilomita 20 magharibi ya kitovu cha jiji la Mbeya, katika bonde la Songwe, upande wa barabara kuu iendayo Tunduma. Mwinuko wake ni mita 1,345 hivi juu ya usawa wa bahari. Ulifunguliwa Desemba 2012, ukachukua nafasi ya uwanja wa zamani uliokuwa ndani ya mji. Uwanja huo wa zamani ulikuwa na njia fupi ya kurukia, ulizungukwa na makazi ya watu, tena ulikuwa karibu na milima, hivyo haukufaa kupanuliwa kwa ajili ya ndege kubwa. Njia ya kurukia ya Songwe ina urefu wa zaidi ya kilomita 3 na inapokea ndege za jeti. Jina la uwanja huwachanganya baadhi ya watu, kwa kuwa tangu mwaka 2016 upo pia Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Uwanja wenyewe umebaki upande wa Mbeya.

Uwanja wa Ndege wa Iringa (IATA: IRI, ICAO: HTIR), unaojulikana zaidi kwa jina la Nduli, uko kilomita 12 hivi kaskazini-mashariki ya mji wa Iringa, upande wa barabara ya Dodoma. Mwinuko wake ni mita 1,426 hivi. Kwa miaka mingi ulihudumia ndege ndogo tu. Katika miaka ya 2020 ulijengwa upya, njia yake ikarefushwa na kuwekwa lami ili upokee ndege kubwa zaidi za pangaboi.

Mbeya iliingia mapema katika ramani ya usafiri wa anga. Mwaka 1932 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianzisha safari za London hadi Cape Town zilizopita Afrika ya Mashariki. Katika Tanganyika ya wakati ule ndege zilitua Moshi, Dodoma na Mbeya kabla ya kuvuka kwenda Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Vituo vilikuwa vingi kwa sababu ndege za wakati huo hazikuweza kwenda mbali bila kujaza mafuta. Mji wa Mbeya wenyewe ulikuwa bado mchanga, ukikua kwa sababu ya dhahabu iliyochimbwa Lupa.

Jinsi umbali unavyokokotolewa

Dunia ni tufe, kwa hiyo njia fupi kuliko zote kati ya sehemu mbili juu ya uso wake ni kipande cha duara kubwa, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha Dunia. Wanafunzi wa sekondari hukutana na jambo hili katika mada ya hisabati inayohusu Dunia kama tufe. Kwa umbali mfupi kama huu, hesabu inaweza kurahisishwa kwa kuchukulia eneo lililo kati ya viwanja kuwa bapa, kisha kutumia kanuni ya Pythagoras. Kosa linalopatikana halifiki kilomita 1.

Mahali pa viwanja ni kama ifuatavyo:

– Songwe: latitudo 8°55′ Kusini, longitudo 33°16′ Mashariki
– Iringa (Nduli): latitudo 7°40′ Kusini, longitudo 35°45′ Mashariki

Hatua ya kwanza ni kutafuta urefu wa digrii moja. Nusu kipenyo cha Dunia ni kilomita 6,371, na mzingo wake ukigawanywa kwa 360 hutoa takriban kilomita 111.2 kwa kila digrii.

Hatua ya pili ni tofauti ya latitudo. Kutoka 8°55′ hadi 7°40′ ni 1°15′, yaani digrii 1.25. Zidisha kwa 111.2, utapata kilomita 139. Hiyo ndiyo sehemu ya safari inayoelekea kaskazini.

Hatua ya tatu ni tofauti ya longitudo. Kutoka 33°16′ hadi 35°45′ ni 2°29′, yaani digrii 2.483. Hapa wanafunzi wengi hukosea kwa kuzidisha kwa 111.2 na kuishia hapo. Mistari ya longitudo hukaribiana kadiri inavyoondoka kwenye ikweta, kwa hiyo ni lazima kuzidisha pia kwa kosini ya latitudo ya katikati. Latitudo ya katikati ni 8°17′ hivi, na kosini yake ni 0.9896. Hivyo 2.483 × 111.2 × 0.9896 ni takriban kilomita 273. Hiyo ndiyo sehemu inayoelekea mashariki.

Hatua ya nne ni kuunganisha pande hizo mbili za pembetatu mraba. Kipeo cha pili cha 139 ni 19,321, na kipeo cha pili cha 273 ni 74,529. Jumla yake ni 93,850, ambayo kipeuo chake cha pili ni takriban 306. Huo ndio umbali kwa kilomita.

Kwa pande hizo hizo mbili mwelekeo hupatikana pia. Ndege inayotoka Songwe huelekea digrii 63 hivi kutoka kaskazini halisi, yaani mashariki ikiegemea kaskazini. Wakati wa kurudi huelekea digrii 243.

Kwa nini takwimu hutofautiana

Anayetafuta umbali huu katika vyanzo mbalimbali anaweza kukuta namba tatu tofauti. Kila moja ni sahihi kwa mahali pake:

– Takriban kilomita 278: kutoka kitovu cha jiji la Mbeya hadi kitovu cha mji wa Iringa.
– Takriban kilomita 287: kutoka uwanja wa zamani wa Mbeya hadi Nduli. Namba hii hutokea pale ambapo orodha za viwanja hazijasahihishwa tangu mwaka 2012.
– Takriban kilomita 306: kutoka Songwe hadi Nduli. Hii ndiyo namba inayohusu safari za sasa.

Tofauti ya kilomita 28 kati ya namba ya kwanza na ya mwisho inatokana na mahali viwanja vilipojengwa. Songwe iko magharibi ya Mbeya, wakati Iringa iko mashariki. Msafiri anayekwenda Iringa huanza kwa kwenda upande usio wa safari yake. Vivyo hivyo, Nduli iko ng'ambo ya mji wa Iringa kwa anayetoka Mbeya, kwa hiyo abiria hupita mji juu kwa juu, kisha huurudia kwa gari.

Mahali njia inapopita

Mstari mnyoofu kutoka Songwe hupita karibu sana na Kilele cha Mbeya, chenye kimo cha zaidi ya mita 2,800. Mlima huo uko kilomita 14 hivi kutoka uwanjani na kuuzidi kwa karibu mita 1,500. Kwa hiyo ndege haifuati mstari wa ramani tangu inaporuka. Rubani hupanda kwanza au huzunguka milima, ndipo ashike mwelekeo wake. Mzunguko huo huongeza kilomita chache.

Baada ya milima ardhi hushuka hadi tambarare ya Usangu, ambayo ina mwinuko wa mita 1,000 hivi. Hapo njia huvuka ardhioevu ya Ihefu, mahali ambapo mito inayoshuka kutoka milima ya kusini hukusanyika kabla ya kuendelea kama mto Ruaha Mkuu. Maji hayo ndiyo yanayofika hatimaye kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Eneo la Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008. Kutoka hapo ardhi hupanda tena kuelekea Iringa, na mstari hupita karibu na Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe hadi ilipotekwa na Wajerumani mwaka 1894.

Barabara kuu haikati Usangu. Kutoka Mbeya hupita ukingo wa kusini wa tambarare hadi Makambako, ambayo iko karibu katika latitudo moja na Mbeya, ndipo ikageuka kaskazini kuelekea Mafinga na Iringa. Barabara hufuata pande mbili za pembetatu, na ndege hufuata upande wa tatu.

Muda wa kuruka

Muda hupatikana kwa kugawanya umbali kwa kasi. Lakini kasi inayotajwa kwa kila ndege ni ile ya kwenda sawasawa angani, na ndege haiwi katika kasi hiyo wakati wa kutembea ardhini, kupaa, kushuka na kujipanga kutua. Kwa shughuli hizo huongezwa dakika 12 kwa ndege ndogo hadi 20 kwa ndege kubwa. Makadirio ya safari ya kilomita 306 pasipo upepo ni haya:

– Cessna 208 Caravan, kasi ya kilomita 315 kwa saa: dakika 58, pamoja na nyongeza dakika 70.
– ATR 72, kasi ya kilomita 500 kwa saa: dakika 37, pamoja na nyongeza dakika 55.
– Dash 8-400, kasi ya kilomita 620 kwa saa: dakika 30, pamoja na nyongeza dakika 47.
– Airbus A220, kasi ya kilomita 800 kwa saa: dakika 23, pamoja na nyongeza dakika 43. Ndege hii imetajwa kwa kulinganisha tu, kwa kuwa ni jeti ya masafa marefu zaidi.

Kasi ya jeti ni zaidi ya mara mbili na nusu ya kasi ya Caravan, lakini muda wake haupungui hata kufikia nusu. Katika safari fupi sehemu kubwa ya muda huishia katika kupaa na kutua, si katika kwenda. Ndiyo maana mashirika hupendelea ndege za pangaboi kwa njia za namna hii: zinatumia mafuta kidogo, na dakika zinazopotea ni chache.

Upepo, mwinuko na hali ya hewa

Upepo hubadilisha muda hata kama umbali ni uleule. Tuseme upepo unavuma kutoka mashariki kwa kilomita 40 kwa saa. Caravan inayokwenda Iringa hukabiliana nao, na kilomita 306 huimalizia dakika 66 badala ya 58. Ikirudi Mbeya husukumwa nao, ikatumia dakika 52. Kwenda na kurudi kunatofautiana kwa dakika 14. Ikumbukwe pia kuwa upepo haulipi mwishoni kile ulichochukua mwanzoni: jumla ya safari mbili ni dakika 118, wakati bila upepo ingekuwa 117 hivi.

Mwinuko nao una athari. Kwenye mita 1,400 hewa ni pungufu kwa asilimia 13 hivi kuliko usawa wa bahari. Mabawa hupata msukumo mdogo na injini hupata hewa kidogo, kwa hiyo ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuruka, hasa mchana wa joto. Njia ya kurukia inayotosha pwani inaweza isitoshe Iringa au Mbeya kwa ndege ileile yenye mzigo uleule.

Mvua za Nyanda za Juu za Kusini hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Katika miezi hiyo mawingu ya radi humlazimu rubani kuzunguka. Katika miezi ya baridi, hasa Juni na Julai, ukungu wa asubuhi huweza kuchelewesha safari. Ndege ndogo zinazorushwa kwa kutegemea macho ya rubani zinatakiwa kutua kabla ya giza. Viwanja vyote viwili hutumia Saa za Afrika Mashariki, lakini kwa kuwa Iringa iko mashariki kwa digrii 2 na nusu hivi, jua la utosi hufika huko dakika 10 kabla ya Mbeya.

Safari kupitia Dar es Salaam

Pasipo ndege ya moja kwa moja, msafiri wa anga hulazimika kupitia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere jijini Dar es Salaam. Kutoka Songwe hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 690, na kutoka Dar es Salaam hadi Nduli ni takriban kilomita 390. Jumla ni kilomita 1,080, yaani mara tatu na nusu ya umbali wa moja kwa moja. Abiria hupita Iringa kwa mbali, hufika pwani, kisha hurudi bara.

Muda wa safari nzima, kutoka mjini hadi mjini, unaweza kukadiriwa hivi:

– Kutoka Mbeya mjini hadi Songwe: dakika 45
– Kufika kabla ya ndege kuruka: dakika 60
– Ndege hadi Dar es Salaam: dakika 90
– Kusubiri ndege ya pili: dakika 120
– Ndege hadi Iringa: dakika 65
– Kushuka na kuchukua mizigo: dakika 15
– Kutoka Nduli hadi Iringa mjini: dakika 20

Jumla ni dakika 415, karibu saa 7. Hiyo ni endapo ndege ya pili ipo siku hiyohiyo na inaondoka saa mbili tu baada ya ya kwanza kutua. Isipokuwa hivyo, msafiri hulala Dar es Salaam.

Kwa ndege ya moja kwa moja, mfano ya kukodi ya aina ya Caravan, hesabu ni dakika 45, 60, 70, 15 na 20, yaani saa 3 na nusu. Ikitumika ATR 72 safari hupungua kwa dakika 15 tu. Kinachoamua muda wa msafiri si kasi ya ndege bali kuwepo kwa safari isiyopitia kwingine.

Kulinganisha na barabara

Kwa barabara, kutoka Mbeya hadi Iringa ni takriban kilomita 330, kupitia Uyole, Igurusi, Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga na Ifunda, hadi Ipogolo chini ya mlima wa Iringa. Hiyo ni zaidi ya mstari mnyoofu wa mji kwa mji kwa kilomita 50 hivi. Mabasi yanaruhusiwa kwenda kilomita 80 kwa saa, na 50 katika maeneo ya makazi, kwa hiyo hata barabara ingekuwa tupu safari isingepungua saa 4. Kwa kawaida basi hutumia saa 6 hivi, kwa sababu ya vituo vya abiria, mizani, na malori mengi yanayokwenda Zambia na Kongo. Reli ya TAZARA inapita Mbeya na Makambako lakini haifiki Iringa, hivyo anayetumia treni hukamilisha safari kwa basi.

Kwa muhtasari, kutoka mjini hadi mjini:

– Ndege ya moja kwa moja: saa 3 hadi 3 na nusu
– Basi: saa 6 hivi
– Ndege kupitia Dar es Salaam: saa 7 au zaidi

Tofauti hizi huwagusa zaidi wagonjwa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iliyoko Mbeya hupokea wagonjwa kutoka mikoa ya Nyanda za Juu za Kusini, Iringa ikiwemo. Mgonjwa anayehamishwa kutoka Iringa hana faida yoyote ya ndege za ratiba zinazopitia pwani, kwa hiyo gari la wagonjwa hubaki kuwa njia ya haraka isipokuwa ipatikane ndege ya kukodi. Hali ni hiyohiyo kwa watumishi na wafanyabiashara wa mikoa hii miwili: kwenye ramani majirani hawa wametenganishwa na dakika 45 za ndege, lakini wengi wao huonana kwa safari ya basi ya kutwa.

Ratiba za ndege hubadilika mara kwa mara. Msafiri anashauriwa kuuliza shirika husika kabla ya kupanga safari, na kuhakikisha kwanza kama ndege inakwenda moja kwa moja.

Tazama pia

– Uwanja wa Ndege wa Songwe
– Uwanja wa Ndege wa Iringa
– Nyanda za Juu za Kusini
– Orodha ya viwanja vya ndege nchini Tanzania